Mwaka Alioudondosha Sasson

Habiba alijua maji yamezidi unga siku mnunuzi mmoja aliposimama mbele ya meza yao sokoni Mahane Yehuda, akachungulia ndani ya pipa la achari, akauliza kwa uso mkavu kama matango yale ni ya mwaka huu au ni ya mwaka jana yaliyorudiwa. Wachuuzi wa kushoto wakacheka, wa kulia wakacheka, na muuza samaki wa mbele yao akacheka mpaka akashika kiuno.  Sasson, mumewe, alifunika pipa, akavua aproni, akaitundika msumarini, akaenda zake nyumbani asubuhi kweupe. Habiba akabaki peke yake na figili, matango na achari ya embe, akiwahudumia watu wale wale waliomcheka mumewe, tena kwa tabasamu, maana biashara haina kinyongo.

Kisa chenyewe kilikuwa kimetimiza karibu mwaka. Usiku wa tisa wa mwezi wa Ab, Wayahudi wanapolilia Hekalu lao lililochomwa na Warumi, sinagogi dogo la watu wa Baghdad kwenye kichochoro chao huzimwa taa zote. Watu hukaa sakafuni, miguuni raba za kitambaa, maana viatu vya ngozi ni anasa siku hiyo. Halafu mtu mmoja husimama gizani na kutangaza: ndugu zetu, nyumba ya Israeli, sikieni, leo ni miaka kadha wa kadha tangu kuangamizwa kwa Hekalu letu. Hapo vilio huanza. Mtu huyo alikuwa Sasson, muuza achari. Kabla yake alikuwa baba yake, na huko Baghdad alikuwa babu yake. Kazi yenyewe si ngumu, kwani kila mwaka unaongeza moja, basi. Na mwaka jana Sasson alisimama gizani kwa ile sauti yake nzito ya kutoa watu machozi, akatangaza miaka elfu moja mia tisa na kumi na sita. Tatizo ni kwamba mwaka juzi alitangaza hiyo hiyo.

Mwaka mzima ulidondoka, na sinagogi zima lilisikia ukidondoka. Hata hivyo watu wangeumeza wakaendelea kulia, kama si Mwalimu Naji Battat kucheka.

Mwalimu Naji alikuwa amestaafu kufundisha historia, na wakati wa ibada huketi upande wa pili wa sinagogi, akitazamana na Sasson. Walikuwa wamegombana kwa miaka thelathini juu ya miaka miwili. Sasson anafuata hesabu ya wazee, ile inayohesabu tangu kuumbwa ulimwengu, na kwa hesabu hiyo Hekalu liliungua miaka miwili kabla ya wakati unaotajwa na vitabu vya historia. Naji anafuata vitabu. Kila mwaka Sasson akishatangaza, Naji hunong'ona kwa sauti ya kusikika, "Toa mbili," na watu walishazoea hivyo, wakaihesabu kama itikio mojawapo la ibada. Lakini mwaka ule, Naji alipiga hesabu haraka gizani, akaona kwamba mwakani, kwa hesabu yake yeye, itakuwa kumi na sita kamili. Kicheko kikamponyoka. "Usiibadilishe, Sasson," alisema. "Iseme hiyo hiyo mwakani mara ya tatu, utakuwa umefika kwangu."

Watu wakaangua kicheko. Siku ya kufunga na kuomboleza, watu wazima wameketi chini kwa huzuni, wanacheka. Aibu gani hiyo! Taa zilipowashwa Sasson alisema alitamka kumi na saba na asiyesikia akazibue masikio, kisha akaapa kwamba Naji hatakanyaga kizingiti chake mpaka amwombe radhi mbele ya wote. Naji akajibu kwamba ataomba radhi kwa kicheko siku ile Sasson atakaposema neno moja tu: nilikosea. Neno lenyewe jepesi, lakini Sasson hakulitoa, na mwaka ukapita.

Wangeendelea hivyo mpaka kaburini, wala isingemuumiza mtu, kama si Orna, binti wa Sasson na Habiba, na Yigal, mwana wa Naji, kuamua kwamba wanataka kuoana.

*

Uchumba ulipangwa uwe tarehe kumi na tano ya Ab, siku chache tu baada ya maombolezo, siku ambayo tangu zamani ni ya vijana kutafutana. Kwa watu wa Baghdad chakula cha uchumba huliwa nyumbani kwa binti. Baba wa mvulana huingia, hukaa, hunywa araki, ile pombe kali, kikombe kimoja na baba wa binti, na hapo ndipo neno linakuwa neno. Baba wa mvulana asipoingia hakuna uchumba, kuna vijana wawili tu wanaopendana, na hao wamejaa mjini. Habiba alishanunua lozi za sukari za sherehe hiyo, akazificha juu ya kabati.

Alipofunga meza siku ile ya mnunuzi mjuvi, alimkuta Sasson jikoni amevaa fulana, anamenya figili kana kwamba zimemkosea. Orna alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa muuguzi, amezoea wagonjwa wakaidi, lakini huyu alimshinda.

"Baba, sema tu ulikosea," alisema. "Kuteleza si kuanguka."

"Sikuteleza."

"Sinagogi zima lilikusikia."

"Sinagogi zima lilikuwa linamsikiliza Naji." Sasson aliweka kisu chini, akamgeukia mkewe. "Mama Orna, wewe ulikuwepo, nyuma ya pazia la wanawake. Hebu mwambie mwanao. Nilisema ngapi?"

Ilikuwa mara ya kumi anamuuliza, na Habiba akatoa jibu lile lile alilolitoa mwaka mzima. "Nilikuwa nalia, Baba Orna. Nitasikiaje na mimi nalia?"

Lakini alisikia. Alisikia kumi na sita, safi, kila herufi mahali pake. Alishaolewa na mtu huyu muda mrefu kiasi cha kujua kwamba kuna kweli ambayo mke anaibeba kwa niaba ya mume, kama mzigo wa sokoni, mpaka apate pa kuitua. Hii alikuwa bado hajapata pa kuitua.

*

Kesho yake alijifunga kitambaa kichwani akaenda kwa akina Battat. Gurjiya, mke wa Naji, alikuwa shoga yake wa tangu wakiwa wasichana, na kwa mwaka mzima walikuwa wakionana kwa kuibia, kwa muuza vitambaa au kliniki, kama wezi. Gurjiya alimpikia chai ya ndimu kavu bila kuuliza. Naji alikuwa sebuleni na magazeti yake, na alipomwona akasimama kwa heshima, akamwondolea paka kwenye kiti.

Habiba hakuzunguka. Alisema lozi zimenunuliwa, binti yuko tayari, kijana yuko tayari, na yeye amechoka kununua vitambaa asivyovihitaji ili apate kumwona rafiki yake. Akamwomba Naji aende tu nyumbani, aombe radhi, yaishe.

"Shemeji," alisema Naji, "nikuambie kitu. Hekalu la kwanza, lile la Sulemani, hesabu ya wazee na hesabu ya vitabu zinapishana kwa zaidi ya miaka mia moja na sitini. Unajua mimi na Sasson tumegombana mara ngapi juu ya hiyo? Hata mara moja. Ni mingi mno, huwezi kuigombania. Hii miwili ndiyo inayowasha."

"Basi mwachie miwili yake."

"Namwachia! Afe nayo. Mimi simtaki aje kwenye hesabu yangu. Nataka akubali kwamba ulimi wake uliteleza, ili nami nijue sikumcheka mtu asiye na kosa."

"Na hicho kicheko ulikileta kwa makusudi?"

"Kiliniponyoka."

"Basi na namba ilimponyoka," alisema Habiba, na kule jikoni Gurjiya akacheka peke yake kwa sauti. Naji alikuna ndevu. Alikubali kwamba hoja ile ni nzuri, akasema angefurahi kumpata mwanafunzi mmoja kama yeye katika miaka yake yote ya chaki. Lakini hakukubali kwenda. Habiba alirudi nyumbani na limau za kupewa na hasira za kwake mwenyewe. Wanaume hawa wawili, aliwaza, wangeweza kusamehe Warumi kabla ya kusameheana wao.

*

Siku moja kabla ya mfungo alikuja Heskel, msimamizi wa sinagogi, mtu mpole mwenye tabia ya kuumiza watu kwa upole. Alikaa, akasifu achari ya embe, akauliza afya, kisha akatoa kwenye mfuko wa koti kipande cha kadibodi na tochi ndogo. Kwenye kadibodi kulikuwa na namba imeandikwa kwa kalamu nene, kubwa kama ya kufundishia watoto chekechea: 1918.

"Kamati imeona tu," alisema, "kwa ajili ya giza. Si kwa ajili yako, Sasson. Kwa ajili ya giza."

Habiba aliona shingo ya mumewe ikiwa nyekundu, na akatamani sakafu ifunguke immeze Heskel na tochi yake. Lakini Sasson aliipokea kadibodi kwa mikono miwili, akashukuru. Heskel akazidi kupata moyo. Akasema kama Sasson ataona ni mzigo, mkwe wake yeye Heskel ana sauti nzuri, kijana bado, kumbukumbu haijachoka. Pia akasema mwaka huu watamwangalia tu, na mwakani watakaa waamue.

Heskel alipoondoka Sasson alitazama kadibodi ile muda mrefu. Kisha akaenda nayo jikoni, akafunikia chupa ya achari ya embe iliyopoteza kifuniko. Ilienea vizuri. Habiba alitaka kucheka na alitaka kulia, akachagua kuosha vyombo.

*

Kesho yake, jua lilipokaribia kuzama na mfungo kuanza, walikula mlo wa mwisho kama ipasavyo, chini sakafuni, yai na dengu na mkate uliochovywa jivu. Orna alikula haraka akatoka. Sasson hakutoka. Alikuwa anatamka kitu chini ya pumzi, midomo inacheza, na Habiba alijua ni namba. Anairudia kama mtoto aliyetumwa dukani anayerudia jina la kitu asije akasahau njiani.

Kisha akamuuliza tena. Safari hii hakuuliza kwa kelele, wala hapakuwa na mtu wa kumshuhudia.

"Habiba. Mwaka jana nilisema ngapi?"

Alimwita kwa jina. Miaka yote alimwita Mama Orna, na jina hili lilikuja mara chache, wakati wa homa na wakati wa kufiwa. Habiba akaona sasa hana namna, mzigo ule hauwezi kuvuka usiku mwingine.

"Ulisema kumi na sita, mume wangu. Nilikusikia vizuri. Nimekudanganya mwaka mzima."

Sasson hakufoka. Afadhali angefoka. Aliitika kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia, akavaa raba zake za kitambaa, akatoka. Habiba alibaki na makombo ya mkate wa jivu mapajani, akijiuliza ni mke wa aina gani anayesema kweli saa moja kabla ya mumewe kusimama mbele za watu.

*

Sinagogi lilikuwa limefurika. Nyuma ya pazia Habiba alikaa chini karibu na Gurjiya. Mwaka huo hawakujificha tena. Hawakusalimiana, kwa sababu usiku ule na kesho yake hakuna anayemsalimu mwenzake, hata mama na mwanawe. Gurjiya aliweka tu goti lake likagusa goti la Habiba. Nyimbo za maombolezo ziliimbwa, sauti moja ikipokea nyingine, mpaka Heskel alipozima taa.

Giza likaja na joto lake. Sasson akasimama, Habiba alimtambua kwa kikohozi.

"Ndugu zetu, nyumba ya Israeli, sikieni," alianza, na sauti ilikuwa ile ile, pana na yenye majonzi, na wanawake wazee walishaanza kulia kabla ya kuambiwa. "Leo ni miaka elfu moja, mia tisa, na..."

Akanyamaza.

Mwanzoni watu walidhani ni uchungu. Kisha kimya kikazidi urefu wa uchungu. Habiba alielewa kabla ya wote, maana yeye ndiye aliyefanya. Mtu aliyeambiwa kwamba ulimi wake ulimsaliti akiwa na uhakika kabisa, atauamini vipi tena? Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane zilikuwa zimesimama mbele yake gizani, zote zimevaa nguo moja. Mtoto mmoja akauliza kwa nini mzee hasemi, akazibwa mdomo. Upande wa Heskel kukasikika tochi ikipapaswa. Habiba alimshika Gurjiya mkono akaubana, naye akasema moyoni, Mungu wangu, nimemuua.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya pili, kavu, ya mwalimu, iliyozoea kusikika hadi dawati la nyuma.

"Na kumi na nane," alisema Naji Battat. "Elfu moja mia tisa na kumi na nane, tangu kuangamizwa kwa Hekalu letu."

Hakuna aliyesema toa mbili. Sasson alivuta pumzi, sinagogi zima likaisikia. Akairudia namba ile yote, polepole, kisha akamalizia maneno yaliyobaki, na watu wakalia kilio ambacho Habiba hakuwahi kukisikia tangu kifo cha baba mkwe wake. Na yeye alilia. Safari hii kwa kweli hakusikia kitu.

Taa moja ilipowashwa, wanawake walichungulia kwenye upenyo wa pazia. Sasson alikuwa amevuka sinagogi. Alikuwa ameketi sakafuni ubavuni mwa Naji, bega kwa bega, bila kusalimiana wala kutazamana, wote wawili wakiangalia mbele kama abiria.

Kesho yake adhuhuri, midomo imekauka kwa kiu, Gurjiya alimnong'oneza Habiba kwamba alimuuliza mumewe kwa nini hakutaja namba yake mwenyewe, kumi na sita, mtu angekuwa na nafasi gani nyingine nzuri kuliko ile. Naji alimjibu hivi: "Alikuwa anatafuta namba ya baba yake. Mimi ninayo, nimeipinga miaka thelathini, naijua kuliko yeye. Ningeificha?"

*

Mfungo ulipokwisha, wanaume walimiminika kichochoroni kubariki mwezi, wengine glasi ya maji bado mkononi. Mwezi ulikuwa juu ya matangi ya paa, umeshavuka nusu. Habiba na Gurjiya walisimama mlangoni na sinia la juisi na vipande vya keki, na Orna na Yigal walisimama mbali kidogo, wamejitahidi kuonekana kama wamekutana hapo kwa bahati.

Katika baraka ya mwezi kuna mahali ambapo kila mwanamume humgeukia jirani yake na kumsalimu, kisha mwingine, kisha mwingine, watu watatu. Baada ya usiku na mchana mzima wa kutosalimiana, salamu hiyo ya kwanza huwa tamu. Kichochoro kikajaa amani iwe kwenu, na kwenu iwe amani, huku watu wakizunguka wakitafutana.

Sasson alimgeukia Naji. "Amani iwe kwenu."

"Na kwenu iwe amani," alijibu Naji, akageuka kumtafuta mtu wa pili. Sasson akamshika mkono wa shati.

"Amani iwe kwenu."

Naji alishangaa kidogo. "Na kwenu iwe amani."

"Amani iwe kwenu," alisema Sasson mara ya tatu, bado amemshika shati.

"Na kwenu iwe amani. Lakini, Sasson," alisema Naji, maana mwalimu ni mwalimu hata akistaafu, "ni watu watatu, mara moja moja. Wewe umemsalimu mtu mmoja mara tatu."

 Heskel aliacha kunywa maji. Habiba aliona mumewe akitazama chini kwenye raba zake, kisha akatazama juu, kwa watu wote.

"Basi nimekosea hesabu," alisema, kwa sauti ile ile ya kutangazia, hata muuza samaki aliyekaa mwisho wa kichochoro akasikia. "Na mwaka jana pia nilikosea."

Naji, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakusahihisha. Alimkumbatia muuza achari akamwomba radhi kwa kicheko chake, akasema sikioni mwake jambo ambalo wengine hawakulisikia, na Sasson akajibu kwamba tarehe kumi na tano asichelewe, araki ikikaa inapoteza ukali.

Habiba alimkabidhi Gurjiya sinia. Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, akavuta pumzi, akapiga vigelegele vilivyokuwa vimemkaa kooni mwaka mzima, na madirisha ya kichochoro chote yakafunguka, watu wakauliza ni binti wa nani.